Mzee Mageto Aliyeshusha Ufito wa Mark X

Mimi Weldon Kiptanui, dereva wa lori la majani ya chai, ni mtu wa bahati. Wengine hutafuta bahati kwa kufunga na kuomba, mimi bahati hunifuata hadi kibanda cha chapati. Mwaka jana niliketi katika gari la otomatiki kwenye mashindano ya kasi, mara yangu ya kwanza, nikatoka pale mstarini kama jiwe la manati na nikarudi na kombe. Sikuwa na kocha. Ni bahati tu, pamoja na mguu mzuri niliojaliwa. Nadhani ndiyo sababu kamati ya kumuaga mzee ikanipa kazi ya kuandika wasifu huu: mtu mkubwa aandikwe na mtu mkubwa.

Sasa tuje kwa mwenye siku. Mzee Mageto Ongeri, fundi mkuu wa karakana ya Kiwanda cha Chai cha Simotwet, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Alikuja 1989 kutoka upande wa Kisii akiwa na sanduku moja la spana na sweta aliyofumiwa na mamake. Alikuwa amepewa kazi ya miezi mitatu, kutengeneza trekta mbili. Trekta zilipona, lakini macho yake yakawa yameshamwona Bonareri, karani wa mizani, na miezi mitatu ikakataa kuisha. Leo Kikipsigis chake kinanishinda tukibishana, na bado ananiiga nikisema "preki" badala ya breki.

Ni fundi wa masikio. Amewahi kusimamisha gari la meneja langoni, likiwa bado linaingia, akamwambia beringi ya gurudumu la nyuma kushoto imebakisha wiki. Meneja akacheka. Siku ya sita gari liliharibika na kulala njiani, Kapsoit. Mvua kubwa za 1997 zilipokata barabara, alifunga kamba ya chuma kwenye trekta na kuyavuta malori tisa ya majani bondeni, moja baada ya lingine, chai isiozee njiani. Na jambo la kushangaza ni kwamba mzee huyu hanywi chai. Miaka thelathini na sita ndani ya kiwanda cha chai, anakunywa uji.

Lakini mtu akitaka kumjua Mageto, nitamsimulia ya mwaka jana.

Kampuni ilinunua magari manne ya otomatiki, moja likiwa ambulansi. Mara ofisini yakaanza maneno. Mageto ni wa trekta na Landrover, wakasema, otomatiki ataifungua kwa nyundo. Bwana Onchiri, mwenye gereji pale Litein, akaomba apewe kazi hiyo. Tulijua maana yake. Magari yale yakienda Litein, karakana yetu ingebaki na trekta mbili na kufuli. Mafundi watano wangerudi nyumbani, na Mageto angestaafu kama mtu aliyefunga mlango. Hakulalamika. Ila mkewe Bonareri alituambia mzee anarudisha sahani ikiwa nusu.

Madam Chepkorir, mkuu wa usafiri, hapendi mikutano mirefu. Alisema siku ya michezo ya wafanyakazi kutakuwa na mbio za magari kwenye kiwanja cha ndege cha shamba, otomatiki peke yake. Karakana ilete gari, Onchiri alete lake. Atakayemaliza mbele, na giaboksi nzima, atapewa kombe na kazi ya yale magari manne.

Nikajitolea kuendesha Mark X yangu ya otomatiki. Nilikuwa nimeshaifungia limita ya kuondokea, kile kifaa kinachozuia injini isipande kupita kiwango ulichochagua mkiwa bado mstarini. Unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, gia iko D, unakanyaga mafuta kwa wa kulia, injini inapanda hadi kwenye kiwango na kuanza kugonga ta-ta-ta. Ukiachia breki, limita inajifungua na gari linaruka. Nilikuwa nimeona kwenye simu wazungu wakiweka mizunguko elfu nne na mia tano kwa dakika, nami nikaweka elfu nne na mia tano. Sikuona kwamba magari ya wale wazungu yalikuwa na klachi.

Asubuhi ya mazoezi nikakanyaga. Mshale ukafika elfu mbili na mia tatu ukakwama. Nikaongeza mafuta, ukakwama palepale. Nikangoja ta-ta-ta yangu, wapi. Nilingoja hadi harufu kama ya maharagwe yaliyoungua ikaingia ndani, nikatoka nikitangaza kwamba limita ni feki.

Mzee Mageto alikuja akifuta mikono. Alichomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akanusa, akanipa nami ninuse.

"Weldon, mama yako alichuma chai miaka mingapi?"

Nikamwambia ishirini na mbili.

"Na ufito alikuwa anauweka wapi?"

Kila mtu hapa anaujua ufito, ile fimbo nyembamba ambayo mchumaji huilaza juu ya meza ya majani, ule uso bapa wa michai, ili achume kilichopita juu yake, cha chini akiache. Nikamjibu, juu ya chai.

"Wewe umeuweka hewani. Chai imefika kiunoni, ufito uko kichwani, halafu unauliza majani yako wapi."

Akanieleza pale pale. Gari la otomatiki halina klachi ya kukata, lina bakuli la mafuta linalozunguka kati ya injini na giaboksi. Ukishika breki, bakuli hilo lina mahali pake pa kukwama, na pa Mark X yangu ni elfu mbili na mia tatu. Limita ya elfu nne na mia tano haitafikiwa mpaka Yesu arudi, na muda wote huo unakaanga mafuta. Akayamwaga, meusi kama chai ya mkaa, akatia mapya. Kisha akaketi ndani, akapandisha injini polepole, akisikiliza. Kwenye elfu mbili magurudumu ya nyuma yakaanza kuisukuma breki. Akaushusha ufito hadi elfu moja na mia tisa.

"Sekunde tatu," akasema. "Ukizidisha, unapika."

Siku yenyewe watu walijaa kando ya kiwanja. Onchiri alipita akigonga bodi ya Mark X kama anayechagua tikiti maji. "Mzee Mageto, hii ulifungua na jembe?" Mzee akamjibu kwamba jembe lilikuwa na shughuli.

Bendera ilipoinuliwa, gari la Onchiri lilikuwa likinguruma elfu tatu na mia tano. Breki zake hazikuweza kulishika, likawa linajisukuma, dereva analirudisha, tairi zinatoa moshi. Watu wakashangilia moshi. Mark X ilikuwa imetulia, ta-ta-ta ndogo, sekunde tatu, kisha bendera iliposhuka ikaondoka bila kupoteza hata kipande cha lami. Onchiri alitukaribia mwishoni, sitadanganya, lakini boneti yetu ilikuwa mbele. Madam Chepkorir alinusa kijiti cha giaboksi yetu, akanusa cha Onchiri, na cha Onchiri, kilichonuka kuungua, akamwachia mwenyewe akirudishe. Magari manne yakabaki Simotwet. Jioni hiyo Bonareri alituma ujumbe: mzee amemaliza sahani na kuongeza.

Mzee Mageto, karakana yako ina mafundi watano wanaojua otomatiki kwa masikio. Ahsante kwa malori, kwa maneno machache, na kwa kutuvumilia. Nenda nyumbani Bonareri akupumzishe, ng'ombe wakuzoee, na uji wako usikose sukari. Sisi wa Simotwet tunakuombea siku ndefu zisizo na king'ora cha saa kumi na mbili.

Kombe liko hapo mezani mbele yako. Wengi wanafikiri nimekuletea ulione. Ukweli ni kwamba nusu saa kabla ya mbio mguu wangu wa kushoto, uliozoea klachi ya lori, ulikataa kuzoea breki, nami nikajifungia chooni. Aliyevaa helmeti yangu na koti langu akaendesha ni wewe, mwenye miaka hamsini na tisa. Uliponiona natoka chooni, mbio zimekwisha, ulinivisha koti ukaniambia, "Kombe beba wewe, mimi nilitaka magari." Nimelibeba mwaka mzima.

Sikushinda. Sikuwa hata ndani ya gari.