Mwinjilisti Josephat Luhende (1936–1998), Aliyekataa Kutubu kwa Kuzima Jenereta

Mwinjilisti Josephat Luhende, ambaye watu wote wa ufukwe huu walimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Kamanga, mtoto wa tatu wa Mzee Chenge na Mama Justa. Mzee Chenge alikuwa mfugaji na hakubatizwa hadi alipofariki. Mwalimu hakumruhusu mtu yeyote kumwita baba yake mpagani, na waliojaribu walijuta.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1953, akabatizwa mwaka huohuo, kisha akasoma chuo cha Biblia mwaka 1957 na 1958. Alitoka huko na neno lililomletea taabu maisha yake yote: kwamba Yesu hakuja kuongeza dini nyingine duniani. Mungu, alisema, huanza kuihukumu dini ya nyumbani mwake kabla ya kugusa ya jirani.

Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Dorotea. Ndoa yao ilikuwa na kanuni moja: Mwalimu akizidisha mahubiri, Mama Dorotea hukohoa mara mbili. Siku moja alikohoa kwa sababu ya mafua tu, na Mwalimu akasema amina katikati ya sentensi, akaketi. Usharika mzima ulifika nyumbani mapema siku hiyo, na wengine waliomba Mama asipone haraka.

Alifanya kazi ya uinjilisti kuanzia mwaka 1960, kwanza katika visiwa vya ziwa hili, na tangu 1978 mjini Mwanza, akiishi Mkuyuni. Alifundisha darasa la kipaimara kwa miaka kumi na saba. Soko huria lilipofika Mwanza, dini nazo zikafungua maduka. Kila uwanja ukawa na kipaza sauti, huku mafuta ya muujiza, kule mhadhara wa kuwatukana Waislamu, na wao wakijibu vilevile. Mwalimu alichukia sana. "Mnagombea watu kama wapiga debe stendi," aliwaambia wahubiri, "halafu mnashangaa vijana hawaingii popote?" Vijana hao wasiosali alikaa nao vibarazani, akawasikiliza. Alisema kutoamini kwao kuna heshima kuliko kelele zetu.

Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 1994 alizikwa jirani yake Mwislamu, Mzee Mbaruku, fundi cherehani. Siku hiyo usharika wetu ulikuwa na mkutano wa injili ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikwenda mara mbili kuomba vipaza sauti vizimwe mpaka jeneza litoke. Hawakumsikia. Mhubiri alipoanza kutaja moto wa milele wakati mjane, Bi. Moza, akilia uani, Mwalimu alivuka barabara, akazima jenereta, akarudi kubeba jeneza.

Kwa kosa hilo alitengwa na meza ya Bwana. Wote mnajua utaratibu wa kurudi: unaketi benchi la mbele, unasimamishwa, unataja dhambi yako mbele ya usharika. Mwalimu aliketi benchi hilo. Aliposimamishwa alisema, "Natubu kwamba niliomba mara mbili kabla ya kuzima. Ilitosha mara moja." Wazee wa kanisa wakamtoa nje, mtu aliyewafundishia watoto wao kipaimara. Familia imenyamaza karibu miaka minne, na leo haitanyamaza. Ulikuwa uonevu.

Kisukari kilimsumbua tangu 1991, na Novemba 1997 alikatwa mguu wa kushoto. Alhamisi ya tarehe 6 Agosti 1998 wazee walikuja nyumbani na Mchungaji Ngosha, mwanafunzi wake wa kipaimara. Walileta mkate, kikombe, na karatasi ya toba ya kutia saini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mchungaji.

"Marahaba, mwanangu. Nina njaa ya hicho ulichobeba. Nipe, karatasi rudi nayo."

Mchungaji aliwatazama wazee. Wakafunga kikombe kwenye kitambaa, wakaondoka na vyote vitatu. Mwalimu alilia. Mama Dorotea, aliyeishi naye miaka thelathini na saba, anasema hakuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, ibada ikiendelea. Jioni wazee walituma ujumbe: wasifu huu ukiandika kwamba alitubu, kengele italia na atazikwa na kanisa. Hakutubu, na hatutamsingizia maiti. Kaburi limechimbwa na Lukman, mtoto wa Mzee Mbaruku, pamoja na vijana wa Mkuyuni waliovuka ziwa kuja hapa.

Marehemu ameacha mjane, Dorotea. Watoto watatu, Obedi, Sabina na Hellen anayesoma wasifu huu. Na wajukuu tisa.

Katika ratiba mliyoshika, mbele ya maneno "Sala ya kaburini" hakuna jina. Mpiga chapa hakukosea. Mchungaji Ngosha ametuma salamu kwamba atakuja kama jirani, bila joho, kwa kuwa joho halimziki aliyetengwa. Mama Dorotea amemjibu: "Njoo hivyohivyo, baba. Wakati wa sala nitahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ukiwa bado umekaa, nitamwombea mume wangu mwenyewe."

Mwalimu na apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki tunasubiri kuona nani atasimama.