Sampuli Namba 318

Marehemu, ambaye kazini wote walimwita Fundi Damu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, wa kwanza kati ya watoto wawili wa mama mshonaji na baba karani wa posta. Alisoma shule ya msingi mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1989 akahitimu stashahada ya maabara.

Mwaka huohuo aliajiriwa na hospitali ya rufaa. Miaka kumi na minne ya mwisho alikuwa kwenye utafiti wa saratani ya mapafu, akipima chembe nyeupe na protini za damu ili madaktari wakadirie mgonjwa amebakiza muda gani. Mirija ilimfikia na namba tu, bila majina. Hata hivyo wagonjwa walimvizia koridoni.

"Fundi, damu yangu inasemaje?"

"Damu haina mdomo, mzee wangu. Ila ndugu zako waite mapema. Usingoje likizo."

Tarehe 14 Desemba 1996 alimwoa mwalimu wa hesabu, aliyemtangulia mwaka 2015. Hawakujaliwa mtoto. Tangu afiwe na mkewe aliendelea kumimina chai vikombe viwili, akavinywa vyote, "isipotee bure."

Februari mwaka huu aligundulika na saratani ileile ya mapafu, ingawa sigara hakuijua. Machi alimwomba mwenzake amtoe damu, akaubandika mrija namba 318, akaupima mwenyewe. Hakumwambia mtu. Jumapili iliyofuata alimpigia simu mdogo wake, anayefanya kazi mbali.

"We Kitinda, huwezi kuja Juni?"

"Likizo yangu Agosti, kaka. Kwani umezidiwa?"

"Aa, nipo nipo tu. Agosti nayo si mbali."

Alifariki tarehe 22 Juni, saa tisa alasiri, wodi namba nne. Aliyekuwa naye ni muuguzi wa zamu. Wenzake walipofungua kabati lake walikuta, kwenye mfuko wa koti jeupe, majibu ya 318: kundi la muda mfupi, chini ya miezi minne. Pembeni aliandika kwa penseli, "Agosti sifiki."

Ameacha mdogo mmoja, ambaye likizo yake ilisogezwa hadi Juni kwa barua ya mistari miwili, siku hiyohiyo alipoomba kuja kuzika.

Mungu ampokee. Kaka, pumzika salama.