Kidude cha Mlango wa Mama Mkwe

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya meza ya dada muuza kahawa na duka la vifaa vya ujenzi, na limekalia matofali kwa sababu miguu yake tuliahidiana kuitengeneza tukashindwa kuelewana ni mbao gani. Asubuhi hiyo alikuja Kesho, anahema, mkononi ameshika mkono wa kitasa na kijichuma cha pembe nne, kirefu kama kidole. Kesho si jina lake, ni jibu lake kila akiambiwa atengeneze kitu nyumbani. Mkewe alichoka kulisikia, akarudi kwao, na juzi mama mkwe alikuja kutazama kama kuna nyumba ya kumrudishia mwanawe. Leo anaondoka na jibu.

– Jamani, nimekwisha! akasema Kesho. Mama mkwe yuko chumbani, mlango hautaki. Nimeshika kitasa kwa nje nimfungulie, mkono umeng'oka na hiki kidude. Na wa ndani nao umemwangukia miguuni.

– Kaa kwanza unywe kahawa, akasema Profesa, ambaye shahada yake ni kusoma magazeti yanayofungiwa vitafunwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mgeni amefungiwa, Profesa!

– Ndiyo upone sasa. Kaa.

Akakaa. Mimi nikamwuliza kwa nini asiuvunje mlango.

– Niuvunje, niingie chumba alicholala mama mkwe? Nikimkuta anajifunga kanga, macho niyapeleke wapi?

Hapo nikamwelewa. Mkwe ni mkwe.

– Basi nunua kingine, nikasema. Duka si hilo hapo?

– Nimetoka huko. Nimemwambia mwenye duka nataka kidude kama hiki, akaniuliza kinaitwaje. Nikamwambia kile cha kwenye kitasa. Akacheka mbele ya wateja, akasema kitasa kina vidude chungu nzima, nikajue jina kwanza.

Benchi likachangamka mara moja. Ukija kwetu kutafuta mtu wa kushika nyundo umepotea njia, lakini ukitafuta jina la kitu, umefika.

– Lete hapa, akasema Fundi Nusu. Huyu hutengeneza redio, na kila redio ikitoka kwake huacha skrubu mbili tatu anazosema zilikuwa za ziada. Akakigeuza kijichuma, akakinusa, akasema: Hii ni fyuzi.

– Fyuzi ya mlango?

– Vitasa vya siku hizi vina fyuzi. Ukivuta kwa hasira inaruka yenyewe, kuokoa mlango. Ulivuta kwa hasira?

– Nilivuta kwa heshima.

– Heshima ikizidi nayo inaunguza.

– Uongo mtupu, akasema Afande, aliyewahi kulinda geti la ghala na hajawahi kulisahau. Mimi vitu hivi navijua. Hiki kinanasa sauti.

– Mbona hakina waya?

– Vya kisasa havina waya, ndiyo usasa wake. Nikuulize, kabla mama mkwe hajaja, ulishawahi kukiona?

– Sijawahi. Kitasa chenyewe sijawahi kukigusa, mke wangu ndiye alikuwa analalamika kinacheza. Nikamwambia...

– Tunajua ulimwambia nini. Basi kaja nacho mama mkwe!

Kutoka nyumbani kwa Kesho, nyumba ya pili, ikasikika ngo, ngo, ngo. Kesho akainuka.

– Anagonga. Jamani, kwani nikikirudisha tu pale kilipotoka, nikazungusha?

Nasema kweli, moyo wangu ulitaka kumwambia aende. Lakini kahawa yangu ilikuwa bado ya moto, na Profesa alikuwa ameshainua kidole.

– Ukirudishe bila kujua jina lake? Wewe unaweza kumrudisha mtu nyumbani kwake hujui anaitwa nani? Asiyejua maana haambiwi maana. Kaa, nikufumbulie. Mlango haukuharibika. Mama mkwe amejifungia.

– Amejifungia ili iweje?

– Mtihani! Anapima kama una subira ya kukaa na mwanawe. Ukimfungulia haraka, umefeli. Haraka haraka haina baraka.

– Na kugonga je?

– Kugonga ndiyo swali la pili.

Dada muuza kahawa akagonga sinia kwa kijiko, akasema wanaume wazima hatuna haya. Tukamwomba aongeze kahawa.

Fundi Nusu wakati huo alikuwa ametoa tupa mfukoni, anasugua.

– Unafanya nini? akapiga kelele Kesho.

– Hizi pembe ni kutu. Nikizitoa, umbo lake halisi litaonekana, na jina litakuja lenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akainama kweli, akasugua. Kijichuma kilipomrudia Kesho kilikuwa cha mviringo, kinateleza kama kipande cha sabuni. Tukakubaliana wote kwamba sasa hakifanani na chochote, na Afande akasema hiyo ndiyo dalili.

Kugonga kukakoma.

– Umesikia? akasema Profesa. Katulia. Umefaulu, bwana!

Kesho akatabasamu kidogo, masikini, akachukua kikombe cha pili. Alikuwa bado anakipuliza tulipomwona mama mkwe anakuja, kanga imekaa sawa, mkoba begani. Tulisimama wote kwa pamoja, benchi likayumba.

– Shikamoo, mama!

– Marahaba, wanangu. Mnaendeleaje na kahawa?

– Mama, umetokaje? akauliza Kesho.

– Nilikuita, baba. Nikagonga. Nikakuita tena. Kisha nikaona mlangoni pana kitundu cha pembe nne, nikachomeka mkasi wangu wa kushonea, nikazungusha. Ukafunguka.

– Kwa hiyo kile kidude kinaitwaje? akauliza Fundi Nusu, maana hana aibu.

– Sijui, mwanangu. Sikukiuliza.

Akamgeukia mkwewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

– Nikifika, mwanangu ataniuliza habari za nyumba yake. Nitamwambia mlango uliharibika nikiwa ndani, ukafunguka. Ataniuliza, nani aliufungua? Nimjibu nini?

Kesho aliangalia kile kijichuma kiganjani, akakitia mfukoni, akanyoosha mkono ampokee mkoba. Mama mkwe akauhamishia bega la pili, akaenda kituoni peke yake.