Fundi Shimba na Honi ya Luhende

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Pasiansi, Mkolani, Misungwi na ng'ambo ya ziwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi magari, mzee Shimba Masalu wa Mkolani. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na nane, na tumemzika juzi kwao Misungwi. Mzee Shimba Masalu, fundi wa Mkolani.

Wengi mnamkumbuka kwa ubishi. Mteja akisema, "Fundi, badilisha plagi," alijibiwa, "Sasa kama fundi ni wewe, mimi nikakae wapi?" Mkewe, mama Sabina, anasema hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. "Nikimwambia kichwa kinaniuma, anauliza: kinauma ukiinama au ukisimama?" Mama Sabina alicheka alipotuambia hayo, halafu akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nitawasimulia jambo lake moja tu. Mwaka ni 1994. Mnaikumbuka miaka ile, biashara imefunguliwa, maduka ya Mwanza yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu kwa wasafiri. Luhende, jirani yake mzee Shimba, akapata pikapu. Kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini inatembea. Akawa anabeba mizigo na watu hadi gulioni Misungwi.

Pikapu ikaanza kumisi. Yaani injini inakatakata, inatetemeka, inataka kuzima, kisha inakaa sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na haikumisi kila mahali. Ilimisi mahali pamoja, kilimani, mbele ya nyumba ya Bibi Paskazia.

Bibi Paskazia ni mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Jamani, mnajua macho mekundu yamewaponza bibi zetu wangapi! Abiria wakaanza kunong'ona. Wiki ya tatu hawakunong'ona tena, walisema wazi. Wiki ya nne mtu akarusha mawe kwenye bati lake. Kikao kikapangwa kufanyika Jumamosi: Bibi ahame, la sivyo atahamishwa. Binti yake, Getruda, anakumbuka: "Mama alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka. Mimi nilijua wakija, hawatangoja ajibu."

Luhende alikuwa amepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisafisha kabureta. Wa tatu alimwambia aende kwa mganga. Ijumaa asubuhi ndipo akafika kwa mzee Shimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari linaumwa nini?"

"Linamisi, ila kwa yule bibi tu. Mzee, hii si kazi ya spana."

"Spana zangu umeziuliza?"

Mzee Shimba hakufungua boneti. Alipanda mbele, magunia ya viazi yakiwa nyuma. "Endesha kama siku zote," akasema. "Usinifanyie ustaarabu kwa sababu nimepanda mimi."

Njia nzima Luhende alisalimia watu kwa honi. Pi, kwa muuza mkaa. Pi, kwa shemeji yake. Gari kimya, linakwenda vizuri. Mzee Shimba akazidi kukosa raha. Baadaye alimwambia mkewe kwamba siku ile aliogopa sana. Uchawi hakuuogopa. Aliogopa kufika kilimani asione kitu, kwa maana kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Wakafika kilimani. Bibi Paskazia ameketi mlangoni. Luhende akakandamiza honi, na hakuiachia. Pooooo! Injini ikaanza kukatakata.

"Achia honi!"

Akaachia. Injini ikakaa sawa.

"Bonyeza tena."

Ikamisi.

"Sasa huyu mbona unampigia ndefu hivyo?"

"Mzee, hasikii vizuri. Namwamkia. Nitampitaje mtu mzima bila shikamoo? Nabonyeza mpaka anyanyue mkono."

Hapo ndipo mzee Shimba akafungua boneti. Mmeona, wasikilizaji wapendwa? Honi ile ilikuwa mpya, kubwa, ya lori. Aliyeifunga alichukua umeme kwenye waya wa koili, waya uleule unaozipa plagi cheche. Tena waya mwembamba, una kutu. Honi ikilia, plagi zinakosa umeme. Honi fupi kwenye tambarare, hutajua. Honi ndefu, kilimani, na mzigo juu, injini inakatakata. Na kule gereji nani alipiga honi? Hakuna.

Luhende akainamisha kichwa kwenye usukani. "Kumbe ni shikamoo yangu," akasema, na akalia.

"Usilie, na usiguse waya," mzee Shimba akamwambia. "Mpaka kesho."

Jumamosi, kikao kimejaa. Mzee Shimba akawaambia wote wamfuate. Akaipeleka pikapu na viazi vyake kwenye kilima kingine, mbele ya nyumba ya Ngosha. Huyu Ngosha ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Akamkalisha kando ya dereva. "Bonyeza honi mwenyewe. Usiachie." Gari likamisi palepale.

"Haya, Ngosha. Mchawi wa nyumba hii ni nani?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ngosha naye akacheka, angefanyaje? Mzee Shimba akavuta waya mwingine kutoka kwenye betri, kazi ya nusu saa, yakaisha. Getruda anasema mama yake alifungua kile kifurushi, akatandika shuka, akalala mchana kweupe hadi jioni. Wiki nzima alikuwa hajalala.

Juzi, pikapu ileile ndiyo iliyobeba jeneza. Ilipofika kilimani, Luhende alikandamiza honi ndefu. Bibi Paskazia alikuwa amesimama mlangoni, akiwa ameshikwa na bintiye. Akanyanyua mkono. Injini haikutetemeka hata kidogo.

Pole sana, mama Sabina. Poleni watoto, wajukuu na mafundi wote wa Mkolani. Mungu amlaze mahali pema. Na sisi tuliobaki tujiulize. Siku tutakapotaka kumnyooshea jirani kidole, tukitazame kwanza kidole chenyewe, tuone kimebonyeza nini.