Kubana Dakika za Kumpigia Dada

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao kwenye kona, kati ya kibanda cha Soli, fundi viatu, na jiko la Bi Birika, muuza kahawa. Wenyeji wa kila asubuhi ni Mita, aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba, na Redio, fundi redio ambaye akishawaka hazimiki. Siku hiyo Soli hakushika nyundo. Dada yake, yule aliyemlea mgongoni, alikuwa amelazwa hospitali ng'ambo, kesho yake apasuliwe moyo. Na mama yao, aliyenuna miaka yote tangu binti huyo aondoke bila kuaga, jana aliinua uso kwenye mchele anaouchambua akasema, "Mwambie dada yako nina radhi naye." Basi, akarudi kwenye mchele wake. Radhi ya mama si kitu cha kuchelewesha, na Soli alitaka imfikie dada kabla ya kisu.

— Umenunua kadi gani? aliuliza Mita.

— Hii. Muuzaji kasema ndiyo nafuu kuliko zote.

— Ulitaka aseme yake ni ghali? Hebu geuza nyuma tusome vile viherufi vidogo. Umeona? Kila ukiunganishwa, wanakukata. Kadi ya simu ni bomba la maji, baba. Hujakinga ndoo, mita imeshazunguka.

— Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba, alidakia Redio. Piga kidogo kidogo. Neno moja, kata. Neno la pili, kata.

— We Redio, hicho kibaba cha nani? Mtu anakatwa kila akiunganishwa, wewe unamwambia aunganishwe mara kumi.

— Mimi nasikia kuipigia simu ya mkononi ndiko kunakokula kadi, alisema Bi Birika huku akimimina. Kuipigia ya mezani ni nafuu.

— Hilo kweli, alisema Mita. Soli, namba ya wodini unayo?

— Ninayo. Simu iko pembeni ya kitanda chake.

— Lakini usipige jua likiwa kali, Redio akaendelea. Mawimbi yanatanuka kama mpira, dakika moja inakuwa moja na nusu. Na usicheke. Kicheko kizito, kinakula nafasi ya maneno manane.

— Mtu anakwenda kupasuliwa, atacheka na nani?

Soli alicheka yeye. Aliwapenda wazee hawa. Wangeweza kukesha wakimtetea na kadi yake.

Mita akaweka kikombe chini. Hapo walijua linakuja kubwa.

— Adui wa kadi ni salamu. Hujambo, sijambo, watoto, jirani, mvua, kazi, nusu ya kadi imekwenda na hakuna lililosemwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Salamu ndiyo ufa wenyewe. Ziruke.

— Hata shikamoo? Huyu ni dada yangu mkubwa.

— Hata shikamoo. Utamwamkia akipona.

Roho ya Soli ilisita, lakini wengi wape. Wakamfanyisha mazoezi, Redio akijifanya dada kwa sauti nyembamba, mpaka Mita akaridhika. Soli akaikwangua kadi taratibu kwa kisu cha ngozi, akabonyeza tarakimu kwenye simu yake ya mkononi, na mashine ikataja dakika pungufu ya zile alizoahidiwa. Halafu ikaita.

— Haloo?

— Dada, nisikilize. Mama jana...

Hakumaliza. Kilio kilichotoka kwenye ile simu hata Bi Birika alikisikia. Jamani, kwetu akupigiaye simu akaruka salamu kaleta msiba. Hata mtoto anajua, na watu wazima wanne walikuwa wamelisahau.

— Mama amekufa, dada alisema. Amekufa na hasira zake.

— Hajafa, dada. Ni mzima. Kasema ana radhi nawe.

— Usinidanganye kwa sababu ya kesho. Mama yupi aseme hivyo?

Soli aliapa, na kila alivyoapa ndivyo dada alivyozidi kulia. Mara simu ikakatika, dakika bado zimebaki.

Soli alikaa na simu mapajani, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alikuwa amemwongezea mgonjwa mzigo badala ya kumtua.

— Kosa langu hilo, alisema Mita.

Kulikuwa na mwanamke kasimama kibandani, kandambili iliyokatika mkononi. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, fundi. Huyo mama yenu yuko wapi?

— Pale, kwenye mlango wa kijani.

— Sasa mbona hamkumpa simu aseme mwenyewe?

Mita akamtazama Redio. Redio akatazama ndani ya kikombe. Bi Birika akapepea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Soli aliinuka na aproni yake, benchi zima nyuma yake. Mama alikuwa kibarazani. Soli alibonyeza namba upya, akasubiri iite, akamwekea mama sikioni bila kumweleza kitu.

— Haloo? dada alisema, sauti imekauka.

Mama akaikamata simu kwa mikono miwili.

— Hujambo, mwanangu?

Soli akainama karibu asikie.

— Mama?

— Ni mimi. Umekula? Wanakufunika usiku? Watoto hawajambo? Na yule wa mwisho, ameshaota meno?

Mama hakujua habari za kadi. Aliuliza la huyu na la yule, polepole, na Mita alisimama hapo hahesabu kitu. Dada alikuwa anajibu huku analia, safari hii kilio kingine.

— Sijambo, mama. Sasa sijambo.

Kadi ikaisha. Mama aliitazama simu, kisha akamtazama mwanawe.

— Imekatika. Na ile radhi sijamwambia.

— Umeshamwambia, mama, alisema Soli.