Fundi wa Gia Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ikitetemeka mnivumilie. Ninaogopa. Ninachokiogopa nitawaambia, lakini kwanza nimtaje mwenye siku.

Fundi breki ametutoka. Yule mliyemzoea hapa kwa jina la Gia Kumi na Nne amefariki juzi mchana, akiwa na miaka sitini na tisa. Kalala chini ya magari ya watu miaka arobaini na mmoja, na kilichomuua si gari. Ni figo.

Jina hilo nilimpa mimi. Mnakumbuka kipindi changu cha sinema za mbio za magari? Kila Jumamosi nikisifia sinema, simu inalia, ni yeye. "Mwanangu, shujaa wako nimemhesabu. Kapandisha gia mara kumi na nne, na gari lile lina gia tano! Hizo nyingine kazitoa wapi, jikoni kwa mama yake?" Studio nzima hoi kwa kicheko. Wiki nyingine ni matairi yanayopiga mayowe kwenye barabara ya vumbi. Wiki nyingine ni gari lililoruka daraja, likatua, likaendelea na safari zake. "Likitua vile, magurudumu yanakwenda huku, dereva anakwenda kule."

Binti yake anasema nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. "Kutazama sinema na baba ilikuwa adhabu. Rimoti anayo yeye. Dakika mbili tu, kasimamisha. 'Huyu kamtazama mchumba wake sekunde tisa bila kuangalia barabara. Huyu ni marehemu.' Filamu moja tulikuwa tunaimaliza kwa siku mbili."

Kisha Jumamosi moja alipiga simu bila utani. Kwenye sinema ya wiki ile, breki za shujaa zilikufa mlimani, naye akazima gari. "Hapo sicheki," akasema fundi. "Usizime! Ukizima usukani unakuwa mzito. Ukiurudisha ufunguo nyuma kabisa, usukani unajifunga, gari linakwenda linakotaka. Kanyaga breki, achia, kanyaga, achia. Shusha gia moja moja. Breki ya mkono ivute taratibu." Nikamjibu, "Mzee wangu, hii ni sinema, si mtihani wa leseni." Nikamkatia simu. Jamani, nilimkatia simu mtu mzima, hewani!

Miezi minane iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nashuka mteremko kutoka hospitali. Mama yangu yuko kiti cha nyuma, bahasha ya eksirei mapajani. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, hamna kitu. Mbele yetu lango la shule, watoto wanatoka. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona mbio?" Na mkono wangu, wasikilizaji, ulikwenda wapi? Kwenye ufunguo. Nimewaona mashujaa wakifanya hivyo mara ngapi! Vidole vilikwisha kuushika. Ndipo nikaisikia ile sauti ya simu: usizime.

Kanyaga, achia. Gia ya tatu, gari likanguruma. Gia ya pili. Breki ya mkono, kidogo kidogo. Mkojo ulinitoka, wala sifichi. Tulisimama kwenye ukuta wa shule, taa moja imevunjika, na mwalimu wa zamu ananigombeza kwa kuendesha kasi.

Siku ya pili nilimfuata fundi gereji. Alikuwa uvunguni mwa gari, naona miguu tu. Nikaisimulia ile miguu. Ikatulia tuli. Akajivuta nje, macho yamejaa machozi. "Hukuzima?" "Sikuzima." Aliniuliza mara tatu. Kisha akasema, "Basi nifanyie jambo moja. Waambie hewani. Mimi wananicheka, wewe watakusikia."

Nikaahidi Jumamosi. Jumamosi ikafika, haya zikanishika. Niliyemkatia simu nitaanzia wapi? Nikasema wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo imekula miezi minane. Mkewe ananiambia alinisikiliza mpaka hospitalini, redio sikioni. "Nikimwambia huyo hasemi, ananijibu, 'Mwache, ana aibu tu. Atasema.'"

Ninachokiogopa ni hiki. Ndani ya miezi hiyo minane, nani alishuka mteremko akazima gari, kwa sababu mimi nilinyamaza? Sijui. Kila taarifa ya ajali ikiletwa mezani hapa, naitafuta kwanza habari ya mteremko.

Mkewe hamwiti shujaa. "Mume wangu alikuwa mwoga. Siku ya harusi yetu alichungulia uvunguni mwa gari la maharusi, akaingia ukumbini na grisi kwenye tai. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Nyumba hii imecheka miaka thelathini na minane."

Mama mfiwa, poleni. Binti, pole sana. Mafundi wote wa gereji ile, poleni kwa kuondokewa na mkubwa wenu. Mungu ampumzishe.

Nawe uliyeshika usukani sasa hivi, kabla hujauanza mteremko, gusa breki kidogo. Imeshika? Shukuru. Haikushika? Kanyaga, achia. Shusha gia moja moja. Breki ya mkono taratibu. Usizime gari. Narudia: usizime gari.

Fundi, nimesema.