Kamba Mbele ya Mtambo wa Mama

Mheshimiwa mgeni rasmi, meneja wa kituo hiki cha sanaa, wasanii, mama zangu mliofuma hapa, na ninyi majirani: mniwie radhi, mwanangu ametangulia kuhutubia. Sasa hivi, nikipanda jukwaani, kapita chini ya kamba ile nyekundu, kaukumbatia mtambo wa kufumia. Mlinzi kapiga kelele, "We mtoto, hauguswi!" Naye kamjibu, "Wa bibi!"

Mmecheka, nami nimecheka. Lakini kakosea wapi? Kabla ukumbi huu haujapakwa rangi nyeupe, kabla vijana hawajaanza kuja kupiga picha chini ya bomba la moshi, mama yangu alisimama kwenye mtambo ule tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa. Kelele zilikuwa hazisemeki, ndiyo maana mpaka leo yeye na wenzake wakisengenya, wanasengenya kwa mikono. Watazameni pale nyuma. Mnadhani wanasalimiana?

Juzi nilimleta kutembea. Tukafika kwenye ile kazi ya sanaa ya nyuzi zinazoning'inia, uzi mmoja umekatika. Sijafumbua mdomo, mama kaupiga fundo! Kumbe msanii aliukata makusudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Msanii akaja, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, nifundishe hilo fundo." Wakabaki sakafuni hapo mpaka tukazimiwa taa.

Mheshimiwa, shule sikufika mbali, lakini nauliza: mikono ipo, mtambo ni mzima, kamba ya nini katikati? Siwapingi wachoraji, wala mkahawa uliofunguliwa humu. Mtaa umechangamka, na sisi tumo. Ninaloomba ni moja. Mtambo ule ufanye kazi, mama hawa watufundishe kabla hawajachoka. Mwanafunzi wa kwanza ni mimi, nasema bila haya. Nataka mwanangu akiulizwa mama yako anafanya kazi gani, aonyeshe kitambaa.

Naona meneja ameinuka. Anaelekea... jamani, anaifungua kamba! Meneja, Mungu akuzidishie. Na wewe mlinzi, cheka basi.

Asanteni kwa kunisikiliza, ndugu zangu. Ila msishuke moyo mtakapoanza kusikia kelele humu, kwa sababu kelele hizo ndizo zilizonilea, na siku si nyingi mtaona hata...

Ngojeni, mama ananiita kwa mikono. Anasema, maneno yatosha, njoo ushike uzi. Nakuja, mama!